Vya Kuburutwa na Vya Kuzunguka

Nabwile alikuwa na njia yake ya kupanga vyombo vya shambani, na hakufundishwa na afisa yeyote wa kilimo. Kwake vyombo vilikuwa vya aina mbili tu: vya kuburutwa na vya kuzunguka. Plau huburutwa. Haro huburutwa. Trela huburutwa, na ikikuumiza ni kwa sababu ulisimama nyuma yake kama mlevi. Lakini chombo cha kuzunguka, alisema, hakijui kuachilia.

Elimu hiyo aliipata Lwakhakha, alikozaliwa. Kinu cha posho cha pale mpakani kilikuwa na mkanda mrefu usiofunikwa. Siku moja mama mmoja aliinama kuchukua debe lake la unga, mkanda ukashika ncha ya leso yake. Leso ilikuwa imefungwa kiunoni kwa fundo la kufungia mzigo, fundo juu ya fundo. Mkanda ukavuta leso, leso ikamvuta mwenyewe. Hakufa, ila mkono wake wa kulia haukuinuka tena, hata kuaga mgeni. Nabwile, msichana mdogo wakati huo, alimsikia mamake akisema, "Angefunga fundo la kulegea, leso ingeenda peke yake." Tangu hapo hakufunga leso kwa fundo maishani mwake. Aliichomeka tu kiunoni, na mara nyingi ilimwanguka sokoni, watu wakacheka. Mimi jirani yake nilicheka zaidi ya wote, maana mashamba yetu pale Kibabii yanapakana, na vichekesho vyake vilinifikia vikiwa bado moto.

Mumewe, Wakoli, alifanya kazi miaka mingi kiwandani Webuye. Alipoacha kazi, mwaka wa 2005, alirudi nyumbani na trekta kuukuu iliyotoka shamba moja la Kitale. Alikuwa na ng'ombe wa maziwa, na alikuwa na hofu yake pia, tusimwonee. Januari iliyotangulia jua lilikausha nyasi zote, nepia ya kulisha ng'ombe ikawa vijiti, na ng'ombe wake bora alianguka zizini asiinuke. Wakoli alimlilia ng'ombe yule waziwazi. Akaapa kwamba kiangazi kingine hakitamkuta bila chakula cha mifugo kilichowekwa shimoni. Sasa trekta peke yake ni punda bila mkokoteni. Ilibidi waende Kitale kuchagua vya kuifungia nyuma, na Nabwile akasema haendi mtu bila yeye.

Aliyewauzia aliitwa Gichuki, mtu ambaye wazazi wake walihamia Trans-Nzoia kutoka Nyeri zamani. Uwanja wake ulikuwa nyuma ya maduka, vyombo vimepangwa kwenye matope kuanzia langoni hadi ukutani. Alikuwa mpole, na alikuwa na subira na wateja wenye maswali, jambo ambalo siku hiyo lilimfaa.

"Mama, hii ni slasha," alisema. "Itakufyekea kichaka yote ya malisho."

"Inazunguka?"

"Ee, si ndiyo inakata?"

"Tuendelee."

"Hii ni reki. Inakusanya nyasi kavu."

"Inazunguka?"

"Hapana. Inaburutwa tu."

"Hiyo tunachukua."

Wakoli akacheka kwa aibu. "Bana, usimsikize sana. Huyu anaogopa hata fimbo ya kukoroga uji."

Walikubaliana trela bila maneno, kwa kuwa trela ingebeba nepia, mbolea ya zizini na hata wagonjwa wa kijiji. Nabwile alikataa mashine ya kufunga nyasi, akakataa slasha, akasema kichaka watakifyeka kwa panga kama baba zao. Halafu Wakoli akasimama mbele ya chafkata, ile mashine ya kukatakata mahindi mabichi, mabua na yote, tayari kwa shimo la sileji. Akaiwekea mkono kama mtu anayemshika ng'ombe wa mahari. Nabwile akajua amefika mahali ambapo maneno yake hayatoshi.

"Hii inaendeshwa na nini?" aliuliza.

Gichuki akamwonyesha shafti, chuma kirefu kinachotoka nyuma ya trekta hadi kwenye mashine. Trekta inakizungusha, nacho kinazungusha visu.

"Na nguo yake iko wapi?"

Gichuki akamtazama. "Mama ameuliza swali ya maana. Kava yake haiko. Inakuja kutoka Nakuru. Mzee, mimi ningesema ungoje, halafu mbebe yote pamoja."

"Kava ni ya nini?" Wakoli akasema. "Si mtu anakaa mbali tu?"

Gichuki hakubishana. Aliwasha trekta ya pale uwanjani, akaunganisha shafti, akatwaa gunia tupu la mahindi na kurusha pembe yake juu ya chuma. Gunia lilikuwepo, kisha halikuwepo. Lilikuwa limejiviringa kwenye chuma, gumu kama kigunzi, na kamba iliyokuwa ikining'inia kwake ilipiga ardhi mara chache kabla nayo haijamezwa. Gichuki akazima. Wakoli akacheka, kama wanaume wanavyocheka wakiogopa mbele ya wake zao.

"Rakini mahindi haingoji kava," alisema.

Na hapo alikuwa na haki, jambo lililomuudhi Nabwile zaidi. Mahindi ya sileji hukatwa punje zikiwa bado na maziwa. Ukichelewa unakata kuni. Walirudi kwetu Bungoma na trela, reki, na chafkata yenye shafti uchi.

Sasa niseme habari ya kabuti, maana bila kabuti hofu ya Nabwile ingekuwa ya kawaida tu.

Wakoli alikuwa na kaka mkubwa, Wepukhulu, mlinzi wa usiku huko Webuye. Alikuwa mtu mkimya, mwenye kuwagawia watoto wa wenzake njugu kutoka mfukoni. Alifariki kwa kifua mwaka mmoja kabla ya trekta kuja. Siku ya kunyoa nywele, baada ya mazishi, wazee waligawa vitu vyake, na kabuti lake la kazini, la kijani, zito, refu hadi chini ya magoti, lilivikwa Wakoli mbele ya watu wote. Mama yao, Wilkista, alilifunga mwenyewe vifungo hadi shingoni. "Sasa wewe ndiye wanangu wote wawili," alimwambia.

Wakoli alilivaa. Alilivaa asubuhi kwenye umande, alilivaa kwenye mvua, na trekta ilipokuja alilivaa juu ya trekta. Upepo ulipovuma pindo zilipepea nyuma yake. Na alikuwa na tabia moja mbaya: badala ya kuizunguka trekta kwenda kwenye usukani kuiongezea injini mafuta ipate nguvu, alivuka juu ya shafti. Aliinua mguu tu, akavuka, na kabuti likavuka baada yake.

Nabwile aliona mara ya kwanza akashika kifua. Usiku akamwambia avue kabuti akiwa kwenye mashine.

"Nivue watu waseme nini? Ati nimechoka kumbeba ndugu yangu?"

"Baba Edinah, basi usivuke."

"Sivuki tena."

Kesho yake alivuka. Mkono wa mazoea hauulizi kichwa, na mguu ni vivyo hivyo.

Basi Nabwile akalificha kabuti kwenye ghala, chini ya magunia. Wilkista alilipata kabla ya saa sita. Mama mkwe huyu alikuwa mwembamba na mwepesi kwa miguu, na ghala alilijua kuliko panya. Hakupiga kelele. Alilikung'uta kabuti vumbi polepole, akasema, "Mama Edinah, unataka mtoto wangu azikwe mara ya pili?" Wilkista akaongeza kwamba nguo ya marehemu haifichwi wala haiguswi na sindano, kwa kuwa anayeishona anashona kaburi. Mimi sijui kama hiyo ni mila ya Babukusu wote au ya Wilkista peke yake. Nilijua tu kwamba katika boma lile neno la Wilkista lilikuwa mila ya kutosha.

Baada ya hapo nilimwona Nabwile akikonda. Trekta ikiwashwa, alikuwa anaacha ugali motoni na kwenda kusimama karibu na gurudumu. Alimwomba Wakoli amfundishe kuizima, akaonyeshwa kile kitufe cha kuvuta kando ya usukani, na Wakoli akaona ni mchezo wa mke mwenye wivu na mashine. Kila siku ya kazi alisimama pale akihesabu mguu wa mumewe unapoinuka. Aliniambia kwamba hata akilala alikuwa anaona lile gunia. Nilimwambia Mungu yupo. Akaniambia Mungu alikuwepo pia Lwakhakha.

Jumapili moja nilikwenda kwake kuazima chekecheke. Wenzake wote walikuwa kanisani, naye alibaki kwa kisingizio cha kichwa. Nilipoingia aliruka kama mwizi. Kabuti la Wepukhulu lilikuwa mapajani mwake, na mkononi alikuwa na wembe.

Nilidhani amerukwa na akili. "Nabwile! Unalikata?"

"Sikati. Funga mlango."

Alikuwa akifumua. Mishono ya mabega, ya kwapani, ya mgongoni, ile ya kiwandani iliyoshonwa mara mbili kwa uzi mnene, aliifumua yote na kuishona upya kwa uzi mmoja mwembamba, hatua ndefu ndefu, kama fundi anavyoshikiza nguo kabla ya kuipima. Vifungo aliviondoa akavirudisha kwa uzi huohuo, mara moja tu ndani na nje. Ukilitazama kabuti, lilikuwa lilelile. Ukilivuta kwa nguvu, lingegawanyika.

"Ni fundo la kulegea," aliniambia. Aliharakisha sindano hata akajichoma. "Likishikwa, liende peke yake."

"Na mayi akijua?"

Mayi, yaani mama, ndivyo wote tulivyomwita Wilkista. Nabwile alinyonya damu kidoleni, akaendelea kushona, machozi yakidondoka juu ya kabuti. Aliogopa shafti, aliogopa mama mkwe, na naamini siku ile alimwogopa hata Wepukhulu, ambaye akiwa hai hakuwahi kumtisha kuku. Nilitoka bila chekecheke. Nilikaa na siri ile kama mtu aliyemeza mwiba wa samaki, kila nikimwona Wilkista koo linaniwasha.

Mahindi yalikuwa yamebaki sehemu ya mwisho, karibu na mto. Siku hiyo tulikuwa wengi, majirani kwa majirani, tunabeba mabua kutoka kwenye trela kumpelekea Wakoli, naye anayasukuma mdomoni mwa mashine. Hata Wilkista alibeba, na sweta yake ndefu ya buluu imechanika kiwiko. Wingu lilikuwa zito upande wa Mlima Elgon na upepo ulikuwa unakuja. Wakoli alitaka kumaliza kabla ya mvua. Visu vilianza kulemewa, sauti ya trekta ikashuka, naye akageuka kwenda kuongeza mafuta.

Aliinua mguu.

Nilimsikia Nabwile akiita, "Baba Edinah!" Upepo ukaleta pindo la kabuti mbele, likagusa chuma. Sikuona zaidi. Nilisikia nguo ikichanika, mchaniko mrefu, na kitu kikigonga gurudumu kwa kishindo. Kisha trekta ikakohoa, ikazimika. Nabwile alikuwa ameshika kile kitufe kwa mikono miwili na hakukiachilia hata baada ya kimya kufika.

Wilkista alikuwa anakuja na mzigo wake wa mabua. Kutoka upande wake hakumwona mwanawe. Aliona kabuti tu: limejiviringa kwenye shafti, mkono mmoja umetokeza nje. Alitupa mabua. Yowe alilolitoa sitaki kulisikia tena hadi nitakapokufa.

"Mayi, yuko huku!" nilimpigia kelele. "Yuko huku!"

Wakoli alikuwa amelala kwenye matope kando ya gurudumu, na shati lake, bila kabuti. Bega limechubuka, ngozi ya mkono imeungua kwa kuvutwa, midomo myeupe kama majivu. Alikuwa hai. Alikuwa akijipapasa kifua akitafuta vifungo. Wilkista alimshika kichwa, akamshika masikio, akamshika vidole kimoja kimoja kama anayemkagua mtoto aliyezaliwa sasa hivi. Alipoona ni mzima, akaketi palepale.

Ndipo hofu ikageuka ikawa nyingine. Wilkista alilitazama kabuti kwenye chuma.

"Wepukhulu amekuja kumchukua ndugu yake," alisema.

Hakuna aliyecheka. Wanaume wakubwa walirudi nyuma hatua. Mmoja akavua kofia. Wakoli mwenyewe, ambaye alikuwa akinicheka mimi nikiogopa bundi, alijisogeza kwenye matope mbali na chuma. "Nilisikia akinivuta, mayi," alisema. "Rakini nilimkosea nini? Si nimevaa? Si nimemvaa kila siku?"

"Watoto watoke hapa," Wilkista alisema. "Mtu asiguse hiyo nguo. Waiteni wazee. Huyu hajatulia kaburini, na atarudi."

Nilimtazama Nabwile. Angeweza kunyamaza. Mumewe alikuwa hai, kabuti limekwisha, na hakuna ambaye angethubutu kuligusa seuze kukagua mishono yake. Mimi, kusema kweli, nilimwomba kwa macho anyamaze. Lakini alikuwa akimtazama mama mkwe wake, mwanamke mwembamba aliyeketi kwenye matope akimwogopa mtoto wake mwenyewe aliyemzaa na kumzika. Nadhani aliona kwamba hofu hiyo ingekaa katika boma lile kuliko yeye mwenyewe. Njugu zote za Wepukhulu zingesahaulika, abaki jina la kuwatishia watoto wasitoke nje.

Akakiachia kile kitufe.

"Mayi, si Wepukhulu," alisema. "Yeye hakuja kumchukua mtu. Ni chuma ilimshika. Na kabuti ilimwachilia kwa sababu niliifumua."

Wilkista hakuelewa. "Uliifanya nini?"

"Niliifumua yote, nikaishona na uzi ya kushikiza tu. Niliigusa na sindano, mayi. Ni mimi." "Niliogopa kumpoteza huyu pia."

Wakoli aliinua kichwa, akamtazama mkewe kana kwamba ndiye aliyetoka kwenye mashine. Naye ni mtu mwenye hasira akiaibishwa mbele ya watu. Lakini aliutazama mkono wake ulioungua. Akaukunja, akaukunjua.

Wilkista aliinuka. Alitembea hadi kwenye shafti, yeye aliyekataza mtu kugusa, akaushika ule mkono wa kabuti uliotokeza. Ulitoka bila kubishana. Akauweka karibu na macho yake, maana hayakuona vizuri, akautafuta ukingo wa begani ambapo vipande vya uzi mwembamba vilikuwa vimening'inia. Alishika kimoja kwa kucha zake mbili, akakivuta. Kikakatika. Akashika kingine. Nacho kikakatika. Mvua ilianza kudondoka na hakuna mtu aliyesogea. Nabwile alisimama na mikono ubavuni, akingojea hukumu, na leso yake ilikuwa imeshaanguka miguuni bila yeye kujua.

Mama mkwe aliukunja mkono wa kabuti vizuri, akauweka kwapani mwake. Kisha akavua ile sweta ndefu ya buluu, akiipitisha kichwani kwa shida, akabaki na gauni jepesi kwenye mvua. Akamnyooshea Nabwile.

"Hii pia," alisema. "Regeza."